Betri ya mashua ya mfano: Usisafirie nyota ya mwenzio

Mashua ndogo inayoendeshwa kwa mawimbi ya redio ikizimika katikati ya ziwa, mwenyewe hana njia ya kuifikia ila kuogelea au kuazima mtumbwi. Aghalabu lawama hutupiwa mota au rimoti, ilhali chanzo, mara nyingi, ni betri iliyochaguliwa kwa kutazama bei yake au namba kubwa iliyochapishwa ubavuni mwake. Makala haya yanaeleza namna ya kuchagua betri ya mashua ya mfano, na kwa nini kosa dogo katika uchaguzi huo laweza kuanzia ziwani na kuishia na moto ndani ya nyumba.

Vyombo vya aina hii si vya watoto peke yao. Watafiti hutumia mashua ndogo zisizo na nahodha kupima kina cha maziwa na kuchota sampuli za maji, na huko Ulaya wapo wavuvi wa ndoano wanaozitumia kupeleka chambo mbali na ufuo. Kwa fundi kijana au mwalimu wa sayansi, mashua ya mfano ni somo zima: umbo la chombo, uzito, umeme, redio na hesabu, vyote katika kitu kimoja kinachoweza kubebwa kwapani.

Jambo lenyewe si geni. Mwaka 1898, mvumbuzi Nikola Tesla aliwaonyesha watu waliokusanyika katika ukumbi wa Madison Square Garden, jijini New York, mashua ndogo iliyokwenda, ikageuka na kuwasha taa zake bila ya waya wowote kuishika. Hataza yake, namba 613,809, ilitolewa tarehe 8 Novemba mwaka huo huo. Tumboni mwa mashua ile mlikuwa na betri, na umeme wake ndio uliozungusha rafadha na kugeuza usukani. Tangu siku hiyo hadi leo kanuni haijabadilika: redio hutoa amri, lakini ni betri inayoitekeleza.

Mtoto wa pwani aliyezoea kuchonga kingalawa cha tanga huchukua nguvu yake bure kutoka kwa upepo. Mashua ya umeme haina bahati hiyo. Hubeba upepo wake tumboni, na upepo huo una uzito, una bei na una hatari zake.

Anza na chombo, usianze na duka

Wahenga walituusia tusisafirie nyota ya mwenzetu. Wasia huo unafaa sana hapa, kwa kuwa betri iliyompa jirani mwendo mzuri yaweza kuizamisha mashua yako. Kabla ya kuuliza ni betri gani iliyo bora, hapana budi kuuliza chombo chenyewe ni cha kazi gani.

Kwa jumla, mashua za mfano zimegawanyika katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni la vyombo vinavyokwenda taratibu huku vikilala ndani ya maji: mifano ya meli za mizigo, za abiria, za uvuvi, na matishali ya kukokota meli bandarini. Hivi huhitaji mkondo mdogo wa umeme kwa muda mrefu, na uzito si adui yao. Kundi la pili ni la mashua za mbio ambazo, zikishika kasi, huinuka na kuteleza juu ya maji. Hizi huhitaji mkondo mkubwa kwa dakika chache, na kila gramu inayoongezwa huzipunguzia mwendo.

Kuna tofauti nyingine ambayo aliyetoka kwenye magari ya mfano huisahau. Gari likishapata mwendo, huteleza lenyewe, na mota hupumzika kidogo. Mashua haipati nafuu hiyo. Maji huikaba rafadha tangu dakika ya kwanza hadi ya mwisho, na rafadha ikinasa magugu maji, mota hukwama na kuvuta mkondo mkubwa kupita kiasi. Kwa hiyo betri na kifaa cha kudhibiti mwendo wa mota, vilivyotosha katika gari, vyaweza kuungua katika mashua.

Namba tatu za kwenye lebo

Betri nyingi za vyombo vya mfano huandikwa namba tatu, na kila moja ina maana yake.

Ya kwanza ni volti, yaani msukumo wa umeme. Volti ndizo zinazoamua mota izunguke kwa kasi gani. Betri huundwa kwa seli kadhaa zilizounganishwa kwa mfuatano, na herufi S huonyesha idadi yake. Betri ya lithiamu-polima, maarufu kwa jina la Lipo, ina volti 3.7 kwa kila seli. Hivyo 2S ni volti 7.4, na 3S ni volti 11.1.

Hapa ndipo tamaa inapowaponza wengi. Mtu huona mashua yake ikienda vizuri kwa volti 7.4, akatia betri ya volti 11.1 akitumaini kupata mwendo wa nusu zaidi. Lakini maji hayakubali biashara hiyo. Rafadha ile ile ikizungushwa kwa kasi iliyoongezeka kwa nusu, mzigo wa maji huongezeka kwa kipeo cha pili cha kasi hiyo. Mkondo wa umeme hukaribia mara mbili na robo ya ule wa awali, na nguvu inayotumika hukaribia mara tatu na nusu. Mota iliyokuwa ikivuta ampea 20 hujikuta ikivuta karibu ampea 45. Anayetaka kuongeza volti hana budi kwanza kusoma kiwango cha juu cha mota na cha kidhibiti mwendo, kisha kutia rafadha ndogo zaidi.

Namba ya pili ni ujazo wa umeme, unaopimwa kwa mili-ampea-saa na kuandikwa mAh. Betri ya mAh 5,000, yaani ampea-saa 5, inaweza, kwa hesabu ya karatasi, kutoa ampea 5 kwa saa moja, au ampea 10 kwa nusu saa. Ukizidisha ampea-saa kwa volti, unapata wati-saa, ambazo ndizo kipimo cha nishati yote iliyomo. Betri ya volti 11.1 na ampea-saa 5 ina wati-saa 55.5. Wati-saa ndizo zinazofaa kulinganishwa pale betri mbili zinapotofautiana volti.

Namba ya tatu huambatana na herufi C, nayo hueleza betri inaweza kutoa umeme wake kwa kasi gani bila kudhurika. Zidisha namba hiyo kwa ampea-saa: betri ya ampea-saa 5 yenye 30C inadai kutoa ampea 150. Neno “inadai” limetumika kwa makusudi, kwa kuwa viwango hivi hutiwa chumvi na baadhi ya watengenezaji. Kanuni ya busara ni kuchagua betri ambayo kiwango chake cha lebo ni angalau maradufu ya mkondo mkubwa kabisa ambao mota yako itauvuta. Betri inayolazimishwa kutoa kuliko uwezo wake hupata joto, huvimba, na volti zake huporomoka.

Kuporomoka huko kuna athari moja ambayo wengi hawaitarajii. Katika mashua nyingi, kipokezi cha redio na mota ndogo ya usukani hulishwa na betri ile ile inayozungusha rafadha. Volti zikishuka ghafla, kipokezi chaweza kuzimika kabla ya mota kuu. Matokeo yake, usukani hunyamaza mashua ikiwa bado ina mwendo. Ndiyo maana wenye vyombo vikubwa hukitengea kipokezi betri yake ndogo.

Aina nne, tabia nne

Betri ya risasi na asidi ndiyo kongwe. Mfaransa Gaston Planté aliivumbua mwaka 1859, na hadi leo inawasha pikipiki na magari. Kila seli yake ina volti 2. Betri iliyofungwa ya volti 12 na ampea-saa 7, ambayo hupatikana kwa urahisi madukani, ina uzito unaozidi kidogo kilo 2. Inauzwa kwa bei nafuu na inavumilia makosa mengi ya mwanagenzi. Hata hivyo, haipendi kumalizwa kabisa. Anayetaka idumu atumie nusu tu ya ujazo wake, na asiiache bila chaji baada ya matumizi, kwani sahani zake huota chumvi ya salfati na kufa. Betri ya wazi ya pikipiki, inayoongezwa maji, haifai katika mashua, kwa kuwa chombo kikipinduka asidi humwagika.

Betri ya nikeli, inayotambulika kwa maandishi NiMH, ina volti 1.2 kwa seli. Sita kati yake zikiunganishwa hutoa volti 7.2, ambazo ni za kawaida katika mashua nyingi zinazouzwa zikiwa tayari. Ni ngumu, haina hatari kubwa ya moto na inafaa kwa mtoto anayejifunza. Kasoro yake ni uzito wa wastani na tabia ya kupoteza chaji ikikaa kabatini, ingawa siku hizi zipo zinazotunza chaji kwa miezi mingi.

Lipo ndiyo nyepesi na yenye nguvu kuliko zote nne. Betri ya 3S yenye ampea-saa 5 ina uzito wa takriban gramu 400. Kwa kila kilo ya uzito, hubeba nishati inayozidi mara tatu ile ya betri ya risasi. Kwa mashua za mbio haina mshindani. Lakini ni betri isiyosamehe. Seli ikijazwa kupita volti 4.2, au ikishushwa chini ya volti 3, huharibika. Ikitobolewa au ikipondwa, yaweza kuwaka.

Ya nne ni lithiamu ya fosfati ya chuma, inayoandikwa LiFePO4 au LFP, yenye volti 3.2 kwa seli. Seli nne hutoa volti 12.8, na kwa hiyo huchukua nafasi ya betri ya risasi ya volti 12 bila kubadilisha mota. Ni nzito kidogo kuliko Lipo, lakini ni tulivu zaidi mbele ya joto, na huvumilia kuchajiwa mara nyingi sana. Kwa mashua ya utafiti au mfano wa meli unaotakiwa kufanya kazi kwa saa nyingi, hii ndiyo inayostahili kufikiriwa kwanza na mwenye uwezo wa kuinunua.

Betri kama farumi

Mabaharia wa majahazi wanajua kwamba chombo kitupu hakitulii baharini. Hutiwa farumi ili kishuke hadi mahali pake na kisiyumbe. Katika mfano wa meli, betri ndiyo farumi. Meli ya mfano inayohitaji kuwa na uzito wa kilo 5 ili ilale katika mstari wake wa maji itasukuma lita 5 za maji, si zaidi wala si pungufu. Iwapo umbo, mota na vifaa vingine vina kilo 2.8, betri ya risasi ya kilo 2.2 inakamilisha hesabu hiyo bila gharama ya ziada. Ukiweka Lipo ya gramu 400, itakubidi ujaze vipande vya risasi au mawe kufidia uzito uliouepuka kwa fedha nyingi.

Methali isemayo “enda tezi na omo, marejeo ni ngamani” ina mafunzo yake hapa. Betri ikisogezwa mno omo, mashua huinamisha pua na kuchota maji; ikisogezwa mno tezi, omo huinuka na chombo kukataa usukani. Mahali pake ni ngamani, chini kabisa na katikati ya upana, ikiwa imefungwa kwa mkanda ili isisogee chombo kinapolala upande. Mashua za mbio tu ndizo hutakiwa kuwa na uzito ulioelekea nyuma, kwa kawaida karibu theluthi moja ya urefu kutoka tezi. Kabla ya kwenda ziwani, jaribu katika beseni kubwa au pipa lililokatwa: sogeza betri kidogo kidogo hadi chombo kilale sawasawa, kisha weka alama.

Hesabu mbili za muda

Chukua mfano wa tishali linalovuta, kwa wastani, ampea 2 kutoka betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 7. Kwa kuwa tunatumia nusu tu, tuna ampea-saa 3.5. Gawanya kwa 2, unapata saa moja na dakika 45. Hayo ni matembezi ya alasiri nzima.

Sasa chukua mashua ya mbio inayovuta wastani wa ampea 30 kutoka Lipo ya ampea-saa 5. Katika Lipo tunatumia asilimia 80 na kubakiza asilimia 20, hivyo tuna ampea-saa 4. Gawanya kwa 30, kisha zidisha kwa 60: dakika 8 tu. Mwenye mashua hii anapaswa kuanza kuirejesha katika dakika ya sita, hasa upepo ukiwa unavuma kutoka ufuoni kwenda ndani, kwa sababu safari ya kurudi dhidi ya upepo hula umeme zaidi.

Utajuaje mashua yako inavuta ampea ngapi? Kipo kifaa cha kupimia, lakini asiye nacho ana njia nyingine iliyo rahisi. Jaza betri kikamilifu. Endesha mashua karibu na ufuo kwa dakika 10, kwa mwendo wako wa kawaida. Kisha ichaji tena kwa chaja inayoonyesha ni mili-ampea-saa ngapi imerudisha. Ikiwa imerudisha 800, basi kwa saa nzima ingekuwa 4,800, yaani mashua yako huvuta wastani wa ampea 4.8. Kwa betri ya Lipo ya ampea-saa 5, hayo ni matumizi salama ya dakika 50. Hesabu hiyo moja, iliyofanywa kwa chombo chako mwenyewe, ina thamani kuliko ushauri wa watu kumi wenye vyombo vingine.

Kuchaji: mahali ambapo hatari hukaa

Tatizo kubwa zaidi la betri za lithiamu halitokei majini, bali nyumbani. Katika miji na vijiji vyetu, chaja za betri za risasi zimejaa: kwa fundi pikipiki, kwenye vibanda vya kuchajia simu, na penye mitambo ya jua. Ni rahisi mtu kufikiri kwamba betri ya Lipo ya 3S, ambayo ni ya takriban volti 12, yaweza kuchajiwa kwa chaja ya volti 12. Hesabu inakataa. Chaja ya betri ya risasi hupandisha umeme hadi karibu volti 14.4. Zikigawanywa kwa seli tatu, kila seli hupata volti 4.8, ilhali mwisho wake ni 4.2. Seli iliyojazwa kiasi hicho hutoa gesi, huvimba, na joto lake huzaa joto jingine hadi inawaka. Hakuna wembamba wa waya wala ufupi wa muda unaoifanya njia hiyo kuwa salama.

Lipo huchajiwa kwa chaja yake maalumu, inayounganishwa pia na waya mwembamba wa pembeni ili kusawazisha volti za kila seli. Kabla ya kubonyeza kitufe, hakikisha mambo matatu: aina ya betri, idadi ya seli na ampea. Kwa ampea, kanuni salama ni kuwa sawa na ujazo. Betri ya ampea-saa 5 ichajiwe kwa ampea 5 au pungufu. Usiichaji betri ikiwa bado ndani ya mashua, wala ikiwa bado ina joto la matumizi.

Iweke juu ya kitu kisichoshika moto, kama sakafu ya saruji au chungu cha udongo kisichofunikwa, mbali na mapazia, magodoro na mafuta. Usiichaji usiku watu wakiwa wamelala, na kamwe usiichaji kando ya mlango ambao ndio njia pekee ya kutokea. Betri iliyovimba isichajiwe tena hata mara moja. Ikitokea moto, kata umeme, toa watu nje na uepuke moshi wake, kwa kuwa una sumu. Mchanga husaidia kuzuia miali isisambae, na maji mengi husaidia kuipoza betri, lakini hakuna mashua yenye thamani ya pafu la mtu.

Betri ya Lipo ambayo haitatumika kwa siku kadhaa isihifadhiwe ikiwa imejaa wala ikiwa tupu. Kiwango chake cha kuhifadhia ni karibu volti 3.8 kwa seli, yaani volti 11.4 kwa 3S. Chaja nyingi zina programu ya kazi hiyo. Majini nako, hakikisha kidhibiti mwendo chako kinakata umeme kabla Lipo haijashuka mno. Vidhibiti vilivyotengenezwa kwa ajili ya betri za nikeli pekee havina ulinzi huo, na vitainyonya Lipo hadi kufa.

Betri za risasi nazo zina hatari yake. Zinapochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo hulipuka kwa cheche. Fungua sitaha ya mashua, au itoe betri nje kabisa, kabla ya kuichaji. Na betri ya aina yoyote iwekewe fyuzi karibu na ncha yake chanya, kwa sababu waya mmoja uliochubuka ndani ya chombo chenye unyevu unatosha kuleta shoti.

Ikiwa mashua imezama, hasa katika maji ya chumvi, usiirudishe Lipo kwenye chaja kana kwamba hakuna kilichotokea. Chumvi hupitisha umeme na kula viungio. Iweke nje, mbali na nyumba, uichunguze kwa siku kadhaa. Ukiwa na shaka, achana nayo.

Sokoni na safarini

Betri bandia ni janga la kila soko. Mfano ulio wazi ni seli za duara za lithiamu zijulikanazo kama 18650, jina linalotokana na upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65. Ndizo zilizomo katika tochi nyingi na kompyuta za mkononi. Zilizo bora huwa na ujazo wa takriban mAh 3,500. Ukikuta imeandikwa 9,000 au zaidi, basi lebo inasema uongo, na aliyesema uongo kuhusu ujazo hawezi kuaminiwa kuhusu usalama. Uzito pia hufichua: seli halisi ya aina hii ina takriban gramu 45, na iliyo nyepesi mno ina kitu kingine ndani yake.

Mafundi wengi huchomoa seli hizi katika kompyuta zilizokufa na kuziunganisha upya. Kwa taa ndogo, huenda kazi hiyo ikafaa. Kwa mashua, seli zilizotofautiana umri na nguvu hazifai kuunganishwa pamoja: iliyo dhaifu humalizika mapema, na wenzake huilazimisha kupita mpaka wake.

Anayemwagiza jamaa betri kutoka ng'ambo azingatie pia masharti ya usafiri wa anga. Kwa utaratibu wa kimataifa, betri za lithiamu za akiba hubebwa ndani ya ndege pamoja na abiria, si katika mizigo inayokwenda chini. Zisizozidi wati-saa 100 kwa kawaida huruhusiwa. Zinazozidi hapo hadi 160 huhitaji idhini ya shirika la ndege. Zinazopita 160 hazibebwi na abiria. Betri yetu ya wati-saa 55.5 imo ndani ya mpaka, mradi ncha zake zimefunikwa. Hata hivyo, mashirika mengine yana masharti makali zaidi, na ni busara kuuliza kabla ya kufika uwanjani.

Betri ikifa

Maisha ya betri hayaishii siku inapokataa chaji. Historia ya karibu nasi inatoa onyo. Katika mtaa wa Owino Uhuru, mjini Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za risasi kiliwatia wakazi sumu ya risasi, wakiwemo watoto. Mwanaharakati Phyllis Omido, aliyeongoza mapambano ya wakazi hao, alitunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama iliamua walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Risasi iliyowadhuru watu wale ni ile ile iliyomo katika betri ya kilo 2 ndani ya tishali la mfano.

Kwa hiyo betri ya risasi isipasuliwe nyumbani ili kuchotwa risasi yake, wala isitupwe ziwani. Irudishwe kwa muuzaji anayezipokea zilizotumika. Lipo isichomwe motoni wala isichanganywe na taka za jikoni. Ipunguzwe chaji hadi imalizike kabisa, ifunikwe ncha zake kwa utepe, kisha ipelekwe mahali panapopokea taka za vifaa vya umeme. Maji ya maziwa yetu yanachangiwa na nchi kadhaa. Tanganyika pekee inagusa Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia. Kinachotupwa upande mmoja hakiulizi mpaka.

Basi mwenye kutaka kununua betri na ajiulize kwa mpangilio huu: chombo changu ni cha mwendo wa taratibu au cha mbio? Kinahitaji uzito gani ili kilale vizuri majini? Mota yangu inakubali volti ngapi na inavuta ampea ngapi? Nataka kukaa majini kwa dakika ngapi? Nina chaja inayolingana na betri ninayoitaka, na mahali salama pa kuitumia? Swali hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote. Asiye na chaja ya Lipo hana haja ya Lipo, hata akipewa bure. Betri ya nikeli au ya risasi itamfikisha aendako, nayo itamrudisha. Mashua inayorejea ufuoni polepole bado ni mashua, na nahodha wake atalala usingizi usiku huo.